Doa la Kidevu

Saa tatu asubuhi, Veturia Hodoș analowesha kipande cha pamba kwa mate yake na kuanza kusugua fidla yenye miaka mia na ushei. Pamba inatoka nyeusi tii.

"Mate hayauzwi dukani, na hayachomi vanishi," anasema, kisha anacheka. "Ila asubuhi sili kitunguu saumu. Nawaheshimu wenye fidla."

Mama huyu wa miaka 61 hurudishia sura mbao za ala za kale hapa Reghin, mji ambao kila mtaa una fundi wa fidla. Kazi moja humchukua wiki tatu na kumpa lei mia sita, fedha za hapa. Hazitoshi kuni za majira ya baridi, lakini kazi nyingine hajui, wala haitaki.

Leo ana ubishi. Sandu Crăciunel, aliyerudi kutoka Uhispania kumwoza binti yake, anataka fidla ya marehemu baba yake ing'ae harusini. Mzee aliipiga miaka arobaini bila kiegemeo cha kidevu, na jasho likala vanishi yote ya pembeni, likaacha doa.

"Shangazi," anamwita hivyo kwa heshima, si kwa udugu, "piga msasa tu! Watu watasema tumeiokota jalalani."

"Na wewe ulivyochakaa hivyo, nikupige msasa pia?"

Kisha sauti yake inashuka. Akiwa na miaka ishirini, fundi mpya mwenye kupenda sifa, Veturia alikwangua fidla ya baba yake kwa siri, iwe zawadi yake siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wake. Mzee akaiweka begani, akalitafuta doa lake kwa kidevu, asilipate.

"Akaniambia, 'Nzuri, mwanangu.' Hakuipiga tena mpaka anakufa. Ningeuza nyumba hii nilirudishe lile doa." Machozi yanamtoka na hayafichi.

Mama yake Sandu, bibi Rafila, aliyekuwa amekaa kimya mlangoni, anainuka, anainama mezani na kulaza shavu lake pale palipochakaa. Anakaa hivyo kitambo.

"Basi liache, shangazi," anasema Sandu.

Wakishaondoka, Veturia anaeleza mpango wake. Mwezi ujao ataanza kujifunza kupiga fidla ya baba yake, yeye ambaye hajawahi kushika upinde.

"Majirani wataniombea nife," anatania. "Lakini Mungu akinipa miaka ishirini, mbao itachakaa tena. Najua litakuwa doa langu, si lake. Ila litakuwa palepale."