Gazeti Lililoing'oa Kahawa ya Bonareri

Saa mbili asubuhi, Machi 1951, mvua inapiga bati na Mwalimu Jeconia Ogada ameinua gazeti la Nairobi lililofika Kisii limeshachakaa.

"'Bei ya kahawa imeshuka mnadani.' Hiyo ni habari au maoni?"

"Habari!"

"Safi. 'Kahawa haitawafaa Wakisii kamwe, heri waing'oe.' Hiyo je?"

"Habari!"

Anajipiga paji la uso. Chaki inabaki hapohapo, watoto wanacheka.

"Nani kasema?"

"Imeandikwa, Mwalimu," anajibu Kwamboka wa dawati la mbele.

Hapo ndipo penye taabu. Katika shule hii ya misheni karibu na Nyakoe, watoto walijifunza kusoma kwa Biblia, na neno likishachapwa halibishiwi. Ogada, mtu wa kando ya ziwa, amefundisha hapa mpaka mvi zimempata.

"Ukiwaambia mvua inanyesha, watachungulia dirishani," huwalalamikia walimu wenzake. "Gazeti likisema mvua ni chai, wataleta vikombe!"

Leo lakini si mzaha. Jumapili Kwamboka alimsomea mama yake, mjane Bonareri, ukurasa huohuo, gazeti lilipopita kwao. Kahawa ya mama huyo, anayoitegemea kwa karo, ndiyo kwanza inatoa maua. Mama alishika jembe. Safu ya kwanza imeshalala chini, na leo jioni wanamalizia.

"Huyo mwandishi aliiona kahawa yenu?" Ogada anauliza.

"Hapana."

"Alimtaja mkulima yeyote wa huku?"

"Hapana." Kwamboka anakuna kichwa. "Bei aliitoa mnadani. Ya kung'oa aliitoa kichwani mwake."

"Ee Mungu, hatimaye! Kimbia ukamwambie mama!"

Anarudi kabla ya adhuhuri, amelowa chapachapa.

"Mama anauliza, na wewe Mwalimu, kwamba kahawa itatufaa, umeiona wapi?"

Darasa linaangua kicheko. Ogada anajifuta chaki usoni. Kweli, hajaiona popote.

"Jembe ameliweka?"

"Amelikalia mpini. Anangoja jibu."

Ogada anashusha pumzi, anavaa koti. Mchana huu atawapeleka wote, Bonareri akiwa mbele, ng'ambo ya mto kwa Mzee Manasseh, aliyetangulia kupanda kahawa.

"Tukikuta imezaa, tutasema imezaa," anasema. "Tukikuta imekufa, nitamshikia Bonareri jembe mimi mwenyewe. Lakini kwanza tuione!"