Wasifu Uliopotelea Kwenye Ram

Nilipofungua steshenari yangu hapa Mikumi nilijitangaza kuwa mtaalamu wa kompyuta, na kwa kuwa hakuna aliyebisha, na mimi nikajiamini. Mwaka jana nilifuata Kilosa ram, kile kipande cha kumbukumbu kinachoipa kompyuta kasi, nikaipachika mwenyewe, mashine ikaanza kukimbia. Kila mteja alisikia habari za ram yangu, hata aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho tu.

Diski ilibaki ile ile ya zamani. Kuhifadhi kazi kulimaanisha kuisubiri ikikoroma huku kioo kimeganda, basi nikawa naandika mpaka mwisho ndipo nihifadhi. Ram yenyewe ina kasi, ya nini kuhangaika na kizee?

Asubuhi moja akaja mzee kutoka Vidunda. Mkewe alikuwa anazikwa saa tisa alasiri, naye alitaka wasifu wa kusomwa kaburini. Bodaboda ilimsubiri nje.

"Shikamoo mzee. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Asante, mwanangu. Wewe andika."

Akasimulia kwa muda mrefu, macho makavu, akiangalia ukuta. Vidole vyangu vilikimbia, nikamwomba hata ageuke aone mashine ilivyo nyepesi. Simulizi ilikuwa imefika kwa wajukuu umeme ulipokatika.

Nilijua vizuri kwamba ram hushika kitu umeme ukiwepo tu, ukikatika haibaki hata herufi. Diski ndiyo hutunza, tena kwa mwendo wake wa kujivuta. Hayo nilikuwa nawaeleza watu bila kuulizwa.

"Imepotea yote, mzee." Nilitamani anitukane.

"Haidhuru. Si umeandika wewe mwenyewe? Chukua kalamu, andika tena."

Nikachukua daftari. Nikaandika jina la marehemu, kijiji, mwaka wa kuzaliwa. Kalamu ikasimama hapo. Nilikuwa nimesimuliwa maisha ya mtu mzima na sikubaki na sentensi hata moja.

Mzee akalitazama daftari. "Kumbe hukuwa unasikiliza."

Akaanza upya, tangu siku aliyomwona mkewe, bado binti, akishuka mlimani na mzigo wa ndizi. Safari hii alilia. Nami, mtu wa kasi, mkono haukuweza kumfuata, kila mara nikawa namsimamisha, "Subiri kidogo, mzee," mpaka simulizi ikafika hospitalini alikofia, na akalazimika kunitajia kifo cha mkewe neno moja moja.