Nilienda kikundi cha walevi Sotik kwa niaba ya mume wangu

Wakuu, salamu kutoka huku kwetu kwenye majani chai. Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe miaka ya tisini. Sitaongeza chumvi. Mume wangu mwenyewe alishafariki, hakuna wa kuaibika.

Mume wangu Joel alikuwa mwalimu wa primary, upande wa Silibwet. Hesabu ndiyo ilikuwa yake.

Alianza na busaa, ile pombe ya nafaka, kwenye harusi za watu. Baadaye ikawa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, na harusi haikuhitajika tena.

Sasa mnisikilize vizuri hapa. Joel hakunipiga hata siku moja. Hakutukana mtu. Akilewa alikuwa anaomba msamaha mpaka kwa ng'ombe. Kwa hivyo kila mtu alimhurumia, na hakuna aliyemwambia aache. Mlevi mpole anakufa polepole, watu wakimwangalia wakicheka.

Asubuhi mikono ilikuwa inamtetemeka mpaka chai inamwagika. Tukasema ni malaria.

Siku moja nilipeleka mtoto kliniki. Nesi mmoja, mama wa makamo aliyemjua Joel, akaniangalia akaniambia, "Kuna watu wanakutana Sotik Jumamosi mchana, chumba cha nyuma ya kanisa. Ni walevi wanaosaidiana kuacha. Mpeleke mwalimu."

Nikamwambia Joel.

"Mama Chebet, mimi si mlevi. Mlevi ni yule analala kwa mtaro."

Basi nikaenda mimi.

Nikakuta wanaume peke yao kwenye benchi. Kiongozi wao alikuwa Mzee Nyakundi, Mkisii aliyekuwa fundi wa mashine kwa kiwanda cha chai kabla pombe haijamfukuzisha kazi. Akaniuliza kwa heshima, "Na wewe mama, unakunywa nini?"

"Mimi sinywi. Nimekuja kwa niaba ya bwanangu."

Walicheka, wakuu. 

Mzee akasema, "Mama, hakuna anayeacha pombe kwa niaba ya mwingine. Lakini keti. Chai iko."

Nikaketi. Siku hiyo ndiyo nilijua ile mitetemeko haikuwa malaria. Niliwasikia wanaume wazima wakisema mambo ambayo Joel hakuwahi kuniambia: aibu, uongo, kuogopa asubuhi. Nililia njia nzima kurudi.

Nikaendelea kwenda kila Jumamosi. Mnajua vile kijiji kiko. Maneno yakaanza: bibi ya mwalimu ako na mtu Sotik.

Yakamfikia Joel. Jumamosi moja tukiwa ndani, mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Ni yeye, viatu vimejaa matope, ananuka. Alikuwa amekuja kunifumania.

Akaangalia wale wanaume na vikombe vyao. Akaniangalia mimi.

"Karibu mwalimu," Mzee akasema. "Ingia, baridi inaingia na wewe."

Aliketi. Akanywa chai yao mpaka mkutano ukaisha. Jumamosi iliyofuata alivaa koti lake la kufundishia akanisubiri nje.

Siku alipoongea mara ya kwanza alisema hivi: "Nilisikia mke wangu amepata mwanaume. Nikaomba iwe kweli, ili nipate sababu ya kunywa."

Hakuna aliyecheka.

Haikuwa rahisi. Alianguka, akarudi, akaanguka tena, akarudi. Halafu akashikilia kabisa, hakunywa tena. Nikaanza kumsikia jioni akimfundisha binti yetu Chebet hesabu, sauti yake ikiwa safi. Nilikuwa nasimama jikoni bila kufanya kazi yoyote, nasikiliza tu.

Kisha tumbo la Joel likaanza kufura. Macho yakawa manjano. Daktari akatuambia ini limeharibika, na limeharibika kitambo.

Joel akaniuliza, "Mbona sasa, na nimeacha?"

Nikamfunika blanketi vizuri. 

Maumivu yalipozidi, binamu yake mmoja alimletea chang'aa kidogo kwa chupa, eti ya kupunguza uchungu. Joel akageuka ukutani. "Rudi nayo," akasema. Alikufa majira ya mvua, akili yake ikiwa timamu.

Kwa mazishi, mhubiri akamfanya mfano. "Vijana, mmeona pombe?" Watu wakatikisa vichwa. Nilitaka ardhi inimeze pamoja naye.

Ndipo Mzee Nyakundi akasimama, na wale wa Sotik wakasimama nyuma yake, mbele ya majirani na wakwe zao. Wengine, hata nyumbani kwao hakuna aliyejua wako kwa hicho kikundi.

"Mimi ni mlevi," akasema. "Hawa pia. Huyu mwalimu aliacha, na amekufa akiwa ameacha. Msimzike kama mlevi."

Wakambeba wao mpaka kaburini.

Watu wameniuliza, ilisaidia nini kama alikufa tu? Kitinda mimba wetu, Kibet, alikuwa mdogo sana. Baba anayemkumbuka ni yule wa mwisho tu, aliyemfundisha kuhesabu akiwa amelala kitandani. Yule mwingine hamjui. Mimi hiyo inanitosha, ingawa kuna siku haitoshi.

Nilichojifunza: usimhurumie mlevi mpole mpaka umzike. Na akikataa kwenda kutafuta msaada, nenda wewe. Hata ukichekwa.

Kama uko na mtu kama Joel nyumbani, au ni wewe mwenyewe, ongea hapa chini. Nitasoma yote.