Mboga ya Mama Ndani ya Mfuko wa Vitambaa

Kosa lilianzia kwenye neno moja. Daktari wa Lilongwe aliutazama mguu wa mama yangu, kidole gumba kimevimba na kuwa chekundu, akasema kwa Kiingereza kwamba asile tena nyama wala samaki. Mkalimani, mwenzetu wa Bukavu, akafupisha: "Mama, kuanzia leo ukule mboga tu." Mama akafurahi, akamwambia daktari zikomo, zikomo, asante ya Kichewa, mpaka daktari akacheka.

Basi, kwetu Uvira, Kongo, mboga ni chochote kinachosindikiza bugali. Nyama ni mboga. Ndagala, vile visamaki vidogo vikavu, ndiyo mboga yenyewe. Kwa hiyo mama alirudi kambini kwetu Dzaleka na ruhusa ya daktari ya kula kilekile kilichokuwa kinamuumiza. Mimi nilikuwa nje kwenye foleni ya dawa, sikusikia kitu. Mguu ulipozidi kuvimba ndipo nikamtafuta mkalimani kambini, akanieleza vizuri, nikashika kichwa.

Wakati huo mama alikuwa anavaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili. Kwenda kanisani ilibidi abebwe na kabaza, baiskeli ya kukodi, na hilo lilimuuma kuliko kidole. "Mi niko mfuko ya mahindi?" akauliza. Mwishowe akaacha kwenda. Mama yangu ameimba korale ya bamama, kwaya ya wanawake kanisani, tangu nikiwa mgongoni mwake. Mama asiyeimba nilikuwa simjui, na niliogopa sana.

Nikatangaza: ndagala haiingii tena humu ndani, hata kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

"Aka!" akasema. "Sombe bila ndagala njo chakula ya mbuzi. Mi siko mbuzi."

Hakuwa anatania. Alisukuma sahani, akanywa chai, akalala. Kesho yake vilevile. Lakini ukaidi wake na mimi ninao, nimeurithi kwake mzima mzima.

Mimi ni fundi wa nguo. Chilinde, mtaa wa Lilongwe, nilikuwa na mteja, mama wa Kimalawi, na siku nilipompelekea gauni nilikuta jikoni kwake sufuria ya umeme inayopika polepole. Anaweka nandolo, yaani mbaazi, asubuhi, anafunika, anaendelea na mambo yake. Hakuna nyama, hakuna samaki, lakini ile harufu! Akanionjesha, nikaomba kijiko cha pili. Nyumbani kwangu umeme unakuja unapotaka, kwa hiyo sufuria ile haikunifaa. Ila njiani nikawaza: moto siwezi kuuwasha siku nzima, lakini joto naweza kulivalisha. Kuvalisha ndiyo kazi yangu.

Nikashona mfuko mkubwa wa kitenge wenye tabaka mbili, nikaujaza vipande vya vitambaa vilivyobaki chini ya mashine, na mto wa kufunikia juu. Unachemsha chungu kwenye makaa, unakitumbukiza humo, unafunga kamba, unakwenda kushona. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. "Umezaa sufuria? Utaibeba mgongoni siku gani?"

Maharagi ya kwanza yalitoka magumu kama vifungo, kwa sababu kila anayepita anafunua achungulie. Nikaapa kwamba atakayefunua tena atayala mabichi. Ya pili yakaiva.

Ndipo nikaingia kwenye sombe. Nilitwanga majani ya muhogo, nikayachemsha wazi muda mrefu mpaka harufu ya ubichi ikaisha, nikatia mawese, biringanya, vitunguu nilivyochoma kwenye makaa, karanga za kusaga. Nikafunga mfuko, nikaenda kupeleka nguo za watu. Niliporudi mama alikula, akalamba vidole, akaomba tena. Nilitaka kupiga vigelegele! Nikajipakulia na mimi. Katikati ya sahani jicho dogo likawa linanitazama.

"Mama! Hii jicho ni ya nani?"

"Ya karanga."

"Bongo! Unanidanganya! Karanga iko na macho?"

Akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Nyumba ilibakia kule, ziwa ilibakia kule. Ndagala njo kitu ya kwetu niko nayo. Nikiiacha, nibakie na nini?"

Nilikuwa na hasira naye, na nilimhurumia, vyote kwa pamoja. Nikakaa karibu yake. "Ubakie na mguu, mama. Na sauti."

Nilitafuta ndagala iliyobaki, nikaikuta chini ya mto wake, nikampa jirani. Kuanzia hapo mfuko wangu ulihamia pembeni ya cherehani, na mwenye kuugusa alikutana na mimi kwanza.

Nikaendelea kujaribu. Wanawake wa Kichewa wanauza uyoga mkavu, bowa. Nikaukaanga kidogo bila mafuta, nikautwanga, nikautia kwenye sombe kabla ya kufunga. Jioni mama alikula akichambua kwa kidole, akitafuta macho. Hakuyapata.

"Umeificha wapi?"

"Hakuna kitu, mama."

"Bongo." Akachambua mpaka chini ya sahani. Akanisogezea sahani. "Ongeza. Hii njo mboga."

Tukaendelea hivyo, sombe, maharagi, nandolo, mchicha wetu wa lengalenga, na dawa zake pia, mvua mpaka kiangazi. Kidole kilipungua taratibu sana. Sikuwa nakitaja, maana nikikitaja anaanza kulalamika.

Jumapili moja asubuhi akasema anataka kwenda korale. Nikatoka mbio kuita kabaza kabla hajabadili mawazo.

"We! Unamwitia nani huyo?" akapaza sauti nyuma yangu, kwa ukali wake ule wa zamani.

Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, kitenge cha korale kimefungwa vizuri, amevaa viatu vyote viwili.