Fidia ya Viatu Vyeusi

Mimi nina hasira za karibu, na kwa mtu mwenye hasira za karibu hakuna adhabu kama kupangiwa chumba kimoja na mtani. Chuo chetu cha ualimu kiko Masasi. Mwaka wa pili tukatawanywa kwenda mazoezi ya kufundisha, na majina yalipobandikwa ukutani nikajiona nimeandikiwa shule ya msingi huko Kitangari, juu Newala, pamoja na binti mmoja wa Kimakonde niliyekuwa nikikaa naye dawati moja. Mimi Myao wa Lisekese, na Wayao na Wamakonde ni watani tangu zamani. Alinitazama akacheka mpaka akashika ukuta, akasema mwaka huu Mungu kamkumbuka.

Tulipanga kwa mama mmoja mjane karibu na shule. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu! Asubuhi tunafundisha, jioni tunakaa uani na mama mwenye nyumba tukibangua korosho na kutukanana kiutani. Mwenzangu ananiambia Wayao tunatembea polepole kama tunapimwa nguo, namjibu kwao mtu hawezi kuona gogo likapumzika, lazima alichonge. Mama mwenye nyumba anafuta machozi ya kicheko kwa kanga.

Halafu mkufunzi akaja kunikagua. Alikaa dawati la nyuma kabisa, mkono shavuni, tangu mwanzo hadi mwisho. Watoto walipotoka akaniambia kwa upole, tena ule upole wa kuumiza, kwamba andalio langu la somo ni zuri na zana zangu ni safi, ila kule nyuma ameangalia sinema isiyo na sauti. Atarudi Alhamisi ya wiki inayofuata. Nisipobadilika, nitarudia mazoezi mwakani, wenzangu wakiwa wamehitimu.

Jamani! Bibi yangu kule Lisekese alishaacha kuniita jina langu. Alikuwa akiniita Mwalimu, mbele ya majirani, sokoni, hadi kwa bodaboda. Nitarudi kwake niseme nini?

Basi nikafanya nilichojua, nikajifungia na vitabu. Nikaandika andalio upya, nikachora machati mpaka karatasi za manila zikaisha dukani. Uani sikutokea tena. Mama akiniita kula nasema nakuja, siendi, nakunywa chai kavu na andazi la jana. Maji nilikuwa naletewa na mwenzangu, nami sikushukuru hata kidogo. Nikawa naumwa kichwa kila siku, usingizi wa mang'amung'amu, na ile sauti yenyewe ndiyo kwanza ikazidi kukonda. Mwenzangu akitania, namkata jicho.

Jumatano mchana, kesho yake ndiyo Alhamisi, nikatafuta viatu vyangu vyeusi vya kufundishia nivipake dawa. Havipo. Nikapekua uvungu, nikapekua begi. Nikatoka uani, nikamkuta mwenzangu amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anatikisa mguu.

"Mtani wako kavichukua," akasema. "Ukivitaka, lipa fidia."

Mwili mzima ulinichemka. Lakini utani una sheria zake, na mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa, na fidia inapanda. Nikamgeukia mama mwenye nyumba anisaidie, naye akasema kwa utulivu kwamba ya watani hayaingiliwi. Nikameza hasira zangu kama kwinini. Nikauliza fidia gani.

"Ndoo moja ya maji. Ya kisima cha bondeni. Na uibebe mwenyewe."

Tukatoka na akina mama wa mtaa, maana bomba lilikuwa limekauka siku nyingi. Njia inapita katikati ya mikorosho, na mabibo yameiva, harufu yake inakupiga puani hadi unameza mate. Mama mmoja akanichumia jekundu, nikalila nimeinama ili maji yasichafue blauzi, nikachafua vilevile. Wakacheka. Nikacheka na mimi, na nikashangaa, kwa sababu sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa nimecheka.

Tulipofika ukingoni, pale mteremko unapoanza, wote wakasimama. Kumbe wana desturi yao. Anayefika juu huwaita walioko chini kisimani wamwekee nafasi kwenye foleni, na sauti yako isipofika, ndoo yako inakuwa ya mwisho. Wakasema leo ataita mgeni.

Nikaita. Hakuna aliyeinua kichwa kule chini. Nikaita tena. Mama mmoja akauliza huyu ni mwalimu wa namna gani, wanafunzi wake wanasoma midomo? Wakaangua kicheko, na mtani wangu akiwa wa kwanza. Hapo ndipo hasira zote za wiki nzima, za mkufunzi, za viatu, za manila, zilipopanda kwa pamoja. Nikaweka ndoo chini, nikashika kiuno.

"Shikamooni kina mama! Niwekeeni nafasi!"

Bonde zima likaitikia. Vichwa vyote kule chini vikageuka, vigelegele vikapanda, na jibu likaja refu, "Marahabaa, Mwalimuuu!" Nilisisimka mwili mzima. Nilitamani kuita tena, na nikaita tena, bila sababu, mpaka mtani akanisihi ninyamaze.

Nilipanda na ndoo imejaa, nikafika nyumbani imebaki nusu, nyingine yote imo kwenye nguo zangu. Nikala ugali wa muhogo na kisamvu hadi mama akaongeza mwingine. Nikaoga, nikalala magharibi kama gogo.

Asubuhi viatu vilikuwa mlangoni, vimepakwa dawa.

Darasani nikayaacha machati mezani. Somo lilikuwa ujazo, lita na nusu lita, nami nikaingia na ile ndoo. Nikawasimulia watoto nilivyoiteka imejaa na ilivyofika, nikawauliza maji kiasi gani yamenywewa na nguo za mwalimu. Darasa likawaka! Hawa ni watoto wanaobeba maji tangu wanajua kutembea, wakabishana, wakapima, wakanisahihisha. Mkufunzi alikuwa amechelewa, akaingia katikati ya kelele zetu. Mwishoni akanipa mkono.

"Leo nimekusikia nikiwa bado kwenye pikipiki."

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mwenzangu kukaguliwa. Nilirudi mchana nikamkuta chumbani, vitabu vimemzunguka, uji umeganda kwenye kikombe. Nikamtania kuhusu magogo yake, akafunua ukurasa mwingine. Kumbe hata yeye! Nikainama uvunguni, nikachukua viatu vyake, nikaviweka kwapani.

Akainua macho, yamelowa.

"Fidia gani?" akauliza.

Nikamwambia. Akafunga kitabu, akaenda kutafuta ndoo.