Ukurasa wa Wasio na Wenyewe

Shamirah ana duka la picha za pasipoti, chini kidogo ya msikiti wa Kibuli. Ukitaka kumchokoza, mwambie kwamba kazi yake ni ya kukaa tu. Asubuhi anawapiga picha wanaotaka kwenda Uarabuni kutafuta kazi, mchana anatoa fotokopi, na katikati ya hayo yote anaendesha ukurasa wa Facebook wa maiti wasio na wenyewe. Facebook yenyewe serikali imeifunga, hapa huingii bila VPN, na bado wafuasi wamefika elfu kumi na moja. Watu wakiitaka habari hawashindwi na mlango.

Kazi ya ukurasa ni hii. Maiti akikaa mochwari bila ndugu kutokea, na kukiwa na dalili kwamba ni Mwislamu, Shamirah na wenzake huitwa wamchukue. Anaandika alipatikana wapi, alivaa nini, mfukoni alikuwa na nini. Sura haionyeshwi. Wanangoja siku tatu. Asipotokea mtu, mzee Wahabi, dereva wa malori aliyestaafu, anamwosha na kumvika sanda, kisha wanamzika kwa jina la Abdallah, maana kila mtu ni mja wa Mungu.

Sheria ya kuficha sura ni ya Shamirah, na ya kutotaja alama za mwili pia ni yake. Alilelewa na bibi, mzee wa Kinubi aliyeosha maiti wa kike wa Kibuli miaka thelathini, na bibi alikuwa akisema kwamba alichokiona mwoshaji kinazikwa na maiti. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Ni sheria nzuri, na asikudanganye mtu kwamba ni ya kijinga.

Halafu akaja Adoch. Huyu ni mjane wa polisi, Mwacholi, Mkatoliki, anakaa Kisugu. Mwanawe wa pekee, Ojara, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kampuni moja. Mwezi wa pili alitoka kwenda lindo, hakurudi. Adoch akaanza kuufuata ukurasa. Chini ya kila tangazo aliandika maneno yale yale: "Si wangu. Lakini ni wa mtu. Tuombe."

Baada ya wiki tatu watu kumi walikuwa wanaandika hivyo, kisha mia, Waislamu kwa Walokole. Mmoja akaleta sanda, mwingine akatoa gari lake. Mwanamke wa Masaka alipomtambua mumewe kupitia ukurasa, Adoch alipanda boda akaenda kumshika mkono mlangoni mwa mochwari, na hawakuwahi kuonana kabla. Shamirah alikuwa amesoma ushauri wa wataalamu kuhusu kukuza ukurasa, saa nzuri za kuweka habari, rangi za kuvutia macho. Upuuzi mtupu. Ukurasa ulikuzwa na mama mmoja aliyekuwa akimtafuta mtoto wake.

Mwezi wa tatu walimzika kijana aliyegongwa na gari Nateete mwezi uliotangulia. Shati la kijani, suruali nyeusi, mfukoni kofia ya kufuma kama za Waislamu, kitambulisho hakuna. Siku ya kumzika, Wahabi alitoka kwenye chumba cha kuoshea akikausha mikono.

"Binti yangu, kuna kitu kwenye mguu wake," alisema. "Pengine ukiandike, tungoje hata kesho."

"Mzee, stiri," Shamirah akamkata.

Wahabi akarudi ndani kumvika sanda. Na chini ya tangazo la kijana yule Adoch alikuwa ameshaandika kwamba si wake. Wake alitoka nyumbani na sare ya kazi, na kofia za Waislamu alikuwa hana.

Mwezi wa saba, siku ya Alhamisi, Adoch aliweka maneno yake mwenyewe kwenye ukurasa kwa mara ya kwanza. "Leo kijana yangu anafika miaka ishirini na sita. Alizaliwa na vidole sita, mguu ya kushoto. Kwetu mtoto wa namna hiyo anaitwa Ojara. Mtu akiona mguu kama hiyo, anipigie."

Shamirah alimsomea Wahabi pale dukani. Mzee akaweka kikombe cha chai chini.

"Wa Nateete," alisema. "Kidole kidogo, pembeni ya kile cha mwisho. Nilikiosha."

Ungedhani Shamirah angefunga duka saa ile ile aende Kisugu. Hakwenda. Alijiambia anataka kuwa na hakika, na hakika alikuwa nayo tele. Aliogopa. Aliogopa macho ya Adoch, aliogopa wale elfu kumi na moja watasema nini, na zaidi ya yote aliogopa kulitamka: kwamba alimzika mtoto wa mtu kwa jina lisilo lake na dini isiyo yake, baada ya kuambiwa angoje.

Tangu siku ile mguu ule ulimwandama. Wateja walikaa kwenye kiti wakiinua nyuso, na yeye macho yake yalikuwa chini, kwenye ndala zao. Mara tano kwa siku alitia udhu, na kila alipofika mguu wa kushoto vidole vya mkono vilipita katikati ya vile vya mguu, vikahesabu, vikarudia. Simu ikilia alijua ni nani kabla ya kutazama. Katika siku hizo aliweka matangazo mawili, na chini ya yote mawili Adoch aliomba, na Shamirah, Mungu amsamehe, akabonyeza alama ya moyo.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Wahabi alimfuata dukani, akasimama mlangoni amevaa koti. "Twende," alisema, basi.

Walifika Kisugu saa saba mchana. Adoch aliwafurahia, akawapa viti. "Hajati, karibu. Mzee, karibu." Kila mwanamke wa Kiislamu kwake ni Hajati, na Shamirah Makka haijui. Shamirah akamwambia yote, shati, kofia, mguu, na lile neno alilomkata nalo mzee.

Adoch hakulia. Alimgeukia Wahabi.

"Ni wewe ulimuosha?"

"Ni mimi, mama."

"Na maji ya baridi?"

"Hapana. Niliyapasha moto. Nilimwosha polepole, kama wangu."

Adoch akaitikia kwa kichwa. "Ile kofia ilikuwa ya baridi tu. Huko lindo usiku baridi ni mingi. Na shati mimi sikujua. Mtoto mkubwa ananunua shati bila kuambia mama."

Shamirah akasema kwamba wakitaka kumhamisha, ruhusa inaweza kuombwa, yeye mwenyewe atazunguka na karatasi. Adoch akasema wamwache alale alipo, atakuja na padri hapo hapo kaburini. Kisha akamtazama Shamirah usoni.

"Hajati, wewe umejua toka siku gani?"

"Toka Alhamisi ile ulipoandika."

Adoch akahesabu kwa vidole, taratibu, mdomo ukicheza. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na sahani iliyofunikwa.

"Alikuwa anatoka lindo, analala, saa saba anaamka anakula," alisema. "Kila siku saa saba mimi namuwekea. Jioni nawapa kuku. Hii siku tisa wewe unajua, mimi napika."

Hakupandisha sauti. Akafunua sahani, malakwang, mboga ya majani machachu kwa karanga, na viazi vitamu, bado ya moto, akaiweka kwenye kigoda mbele ya Shamirah, akaleta maji ya kunawa.

"Kula," alisema.

Shamirah akanawa, akala mpaka sahani ikaisha, na Adoch amesimama akimtazama.