Mgeni wa Saa Nane Mchana

Fundi cherehani ambaye wodi nzima ilimwita Mama Vifungo alilazwa kwa siku nne tu, ili sukari yake ishuke. Siku ya kumi na mbili bado alikuwa pale. Kila adhuhuri kipimo cha kidoleni kilisoma kumi na nane, naye akaongezewa insulini. Ikifika saa nane jasho baridi lilimtoka, mikono ikatetemeka, na marehemu mumewe akaja na viatu vyake vya kazi, akaketi kitandani. Mama Vifungo hakumwambia mtu. Aliogopa wangesema amerukwa na akili, wambakize zaidi.

Adhuhuri moja muuguzi alimkuta akimmenyea chungwa mgonjwa wa jirani, kama kawaida yake.

"Mama, lete kidole."

"Chukua, mwanangu. Mmeshakitoboa kama chekecheo."

Muuguzi alikishika, kikanata kwa maji ya chungwa. Akasita.

"Huwa unanawa kabla sijakupima?"

"Ninawe ya nini? Sili chungwa hilo, namenya tu!"

Akamnawisha kwa sabuni, akapima upya. Tano, sukari ya kawaida. Sindano ya insulini ilikuwa imeshajazwa. Muuguzi aliirudisha kwenye trei taratibu.

"Mama, tulikuwa tunakuua."

Saa nane ilifika, kitandani hapakuja mtu. Ndipo Mama Vifungo alipomsimulia muuguzi yote.

"Siku ya kwanza alikaa kule miguuni," alisema. "Kila siku akawa anasogea. Jana alinishika mkono, akaniambia nivae viatu."